Je, Wajua? Protini Zinazoumbua Uvimbe wa Mapafu

Je, wajua kwamba ndani ya njia zako za hewa kuna seli zenye tabia za neva na za tezi kwa pamoja? Ni chache mno, hazifiki hata 1 katika kila seli 100 za utando wa njia hizo. Nyingi hukaa kwenye panda, pale bomba moja la hewa linapogawanyika kuwa mawili, na kazi yake ni kuichunguza hewa inayoingia. Zikihisi oksijeni imepungua, au kuna kitu kinachochoma, humwaga serotonini na kemikali nyingine za kupeleka habari kwenye neva, misuli na mishipa ya damu iliyo jirani. Huitwa seli za nyuroendokrini.

Upo ukoo mzima wa uvimbe wa mapafu wenye tabia za seli hizi. Una watu wanne: karsinoidi ya kawaida, karsinoidi isiyo ya kawaida, saratani ya seli kubwa ya nyuroendokrini, na saratani ya seli ndogo. Ukoo ni mmoja, lakini hatima zinapishana vibaya. Mwenye karsinoidi ya kawaida akifanyiwa upasuaji mapema ana matumaini makubwa: takriban wagonjwa 9 katika 10 huwa hai miaka 5 baadaye. Saratani ya seli ndogo, kwa upande wake, huwa imeshasambaa mbali katika takriban theluthi mbili ya wagonjwa siku ile inapogunduliwa, na silaha yake ya kwanza ni dawa za kemotherapi, mara chache kisu. Kumtambua nani ni nani katika ukoo huu ni kazi ya protini chache ambazo wagonjwa wengi hawajapata kuzisikia, ingawa zimeandikwa katika ripoti walizonazo nyumbani.

Hatua ni kitu kimoja, daraja ni kingine

Hili huchanganywa sana, hata na watu waliosoma. Hatua ya saratani hueleza uvimbe umefika wapi: uko papo hapo, umeingia kwenye tezi za limfu, au umevuka hadi ini na mifupa. Daraja hueleza seli zenyewe zina ukali gani zikitazamwa kwa hadubini, zinagawanyika kwa kasi ipi, na kama zinakufa kwa makundi. Uvimbe unaweza kuwa mdogo uliokaa mahali pamoja na bado ukawa wa daraja la juu. Mwingine unaweza kuwa umeshasambaa lakini ukaenda taratibu, mgonjwa akaishi nao miaka mingi.

Aliyeupa jina la upole aliishia uhamishoni

Mwaka 1907 daktari wa patholojia wa Munich, Siegfried Oberndorfer, alieleza uvimbe mdogo wa utumbo ambao ulifanana na saratani kwa sura lakini haukuonekana kuwa na ukali wake. Akaupa jina la karsinoidi, yaani kitu kilicho mfano wa saratani. Jina likashika, likaenea hadi kwenye mapafu, na likawafanya madaktari wengi wauone uvimbe huu kuwa hauna madhara. Mwaka 1929 Oberndorfer mwenyewe aliandika kwamba aina hii inaweza kuwa mbaya na kusambaa. Ilihitaji moyo kurekebisha jambo lililokuwa limempa sifa. Miaka minne baadaye, utawala wa Wanazi ulimwondoa kazini kwa kuwa Myahudi. Akahamia Istanbul, akafundisha huko, na huko ndiko alikofariki mwaka 1944.

Rangi ya kahawia inatoka kwenye mzizi

Ili protini za uvimbe zionekane, kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa hulowekwa katika formalini, hugandishwa ndani ya nta ya parafini, kisha hukatwa vipande vyembamba vya maikromita 3 hadi 5 na kubandikwa kwenye kioo. Hapo huletwa kingamwili, mara nyingi iliyotokana na panya au sungura, ambayo imeandaliwa kuishika protini moja tu. Kuigundua kingamwili iliponasa, wataalamu huifungia kimeng'enya kinachobadilisha kemikali isiyo na rangi kuwa ya kahawia. Kimeng'enya kinachotumika zaidi hutolewa katika mzizi mkali ambao Ulaya huliwa kama kiungo cha nyama. Seli zenye protini hiyo huonekana za kahawia, zisizo nayo hubaki za samawati.

Mbinu hii haikuja kwa siku moja. Albert Coons, Mmarekani, aliweza kuifungia kingamwili rangi inayong'aa mwaka 1941. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walipata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja bila kikomo, na mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel. Tatizo lililobaki lilikuwa formalini: huhifadhi nyama vizuri, lakini huzifunga protini kiasi kwamba kingamwili nyingi hazizifikii. Dawa ya tatizo hilo ilichapishwa mwaka 1991 nchini Marekani, nayo ilikuwa kuvichemsha vioo katika oveni ya maikrowevu. Joto likazifungua protini. Vinyama vilivyokaa kabatini miaka mingi vikaanza kueleza mambo ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma kabla.

Swali la kwanza: wewe ni nani?

Protini tatu ndizo huulizwa kwanza. Kromogranini A ilitolewa katika tezi za ng'ombe zilizo juu ya figo, na hukaa ndani ya vifuko ambamo seli huhifadhi homoni. Sinaptofizini ilitambuliwa mwaka 1985 katika vifuko vya neva za ubongo. CD56 iko juu ya ngozi ya seli na huzisaidia seli kushikana. Uvimbe wa mapafu ukiwa na sura inayofaa, na protini hizi zikijitokeza, mwanapatholojia ana haki ya kusema huyu ni wa ukoo wa nyuroendokrini.

Kila moja ina udhaifu wake. CD56 huonekana kirahisi, ila inapatikana pia katika seli nyingi zisizo za ukoo huu, zikiwemo baadhi ya askari wa kinga ya mwili. Kromogranini inaaminika zaidi, lakini hufifia kadiri uvimbe unavyokuwa mkali, hata saratani ya seli ndogo huweza kukosa kabisa rangi yake. Ndiyo maana miaka ya karibuni maabara nyingi zimeongeza INSM1, protini ya ndani ya kiini iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika uvimbe wa kongosho unaotoa insulini. Kwa kuwa hukaa kiinini, rangi yake ni rahisi kusoma hata seli zikiwa zimebanwa.

Mzaha wa maumbile: protini nyingine ya ukoo huu, ASCL1, ilijulikana kwanza kwa nzi wa matunda. Jeni yake kwa nzi huamua wapi paote vinyweleo vya hisia, na jina lake lina asili katika nzi walioonekana maabara wakiwa hawana vinyweleo hivyo. Kwa binadamu huisukuma seli kuwa ya nyuroendokrini, na saratani nyingi za seli ndogo zinaitegemea.

Lakini majibu ya swali la kwanza hayatoshi. Karsinoidi tulivu na saratani ya seli ndogo zote zinaweza kujibu kwa sinaptofizini ileile. Ripoti inayoishia hapo imetaja ukoo tu.

Swali la pili: unakwenda kasi gani?

Kwa mapafu, kanuni rasmi ya Shirika la Afya Duniani ni kuhesabu seli zilizokamatwa zikigawanyika ndani ya eneo la milimita 2 za mraba. Zikiwa chini ya 2, na hakuna seli zilizokufa kwa makundi, hiyo ni karsinoidi ya kawaida. Zikiwa 2 hadi 10, au kukiwa na madoa ya seli zilizokufa, ni karsinoidi isiyo ya kawaida. Zikizidi 10, tumeingia kwa ndugu wawili wakali, na hapo ukubwa na sura ya seli ndiyo hutenganisha kati yao. Fikiria uzito wa jambo hili: tofauti ya seli 1 au 2 kwenye kipande kidogo hivyo inaweza kubadilisha jina la ugonjwa. Seli iliyokufa ikijikunyata huweza kudhaniwa inagawanyika, na wataalamu wawili wenye uzoefu wakatoa hesabu mbili.

Hapo ndipo inapoingia protini ninayoiona ya ajabu kuliko zote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mji wa Kiel, Ujerumani, Johannes Gerdes na wenzake walikuwa wakitafuta kingamwili ya kuzitambua seli za limfoma ya Hodgkin. Walitumia sahani ya maabara yenye vishimo 96. Kishimo cha 67 kikatoa kingamwili ambayo haikujali kama seli ni ya Hodgkin au la. Ilishika kiini cha seli yoyote iliyokuwa katika mzunguko wa kugawanyika, na ikaiacha seli iliyopumzika. Walichapisha mwaka 1983, wakaiita Ki-67: Ki kwa ajili ya Kiel, 67 kwa ajili ya kishimo. Walikosa walichokitafuta, wakapata kipimo kinachotumika leo kwa saratani za kila aina ulimwenguni. Miaka ya mwanzo ilifanya kazi kwenye nyama mbichi iliyogandishwa kwa baridi pekee. Mwaka 1992 ikapatikana kingamwili mpya, MIB-1, ambayo kwa msaada wa oveni ya maikrowevu inaisoma protini hiyohiyo katika nyama iliyohifadhiwa ndani ya nta. Hapo ndipo ilipoingia hospitali za kawaida.

Kwa zaidi ya miaka 30 watu waliitumia bila kujua kwa hakika protini hii inafanya nini ndani ya seli. Jibu moja kubwa lilikuja mwaka 2016. Seli inapokaribia kugawanyika, kromosomu zake hujikunja na kuwa nzito, na zingeweza kugandamana kuwa donge. Ki-67 hushika uso wa kila kromosomu kwa ncha moja na kunyoosha ncha ya pili nje, ikizizuia zisigusane, kwa kanuni ileile inayoifanya sabuni ikae kati ya mafuta na maji. Ni molekuli ndefu ajabu, yenye asidi amino zaidi ya 3,000.

Matokeo huandikwa kwa asilimia. Mtaalamu hutafuta sehemu yenye kahawia nyingi zaidi, huhesabu seli zisizopungua 500, na kuandika ngapi katika 100 zimepata rangi. Kipimo hiki kina kiungo cha kweli na Afrika Mashariki. Uvimbe wa mataya ya watoto ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, na ambao sasa unabeba jina lake, una Ki-67 inayokaribia asilimia 100. Karibu kila seli iko kazini. Hiyo ni sababu mojawapo ya kwamba hukua haraka mno, na pia kwamba huitikia vizuri dawa zinazozilenga seli zinazogawanyika.

Kwa uvimbe wa nyuroendokrini wa utumbo na kongosho, Ki-67 ina nguvu za kisheria: chini ya asilimia 3 ni daraja la 1, kuanzia 3 hadi 20 ni daraja la 2, ikipita 20 ni daraja la 3. Mapafuni haijapewa kiti hicho. Inabaki msaidizi wa kuhesabu mgawanyiko, kwa kuwa mstari unaotenganisha karsinoidi mbili kwa asilimia haujakubaliwa na wote. Mgonjwa aliyesoma jedwali la utumbo akalitumia kwa uvimbe wake wa pafu atapotea.

Mahali Ki-67 inapookoa maisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye hatari. Kinyama cha pafu mara nyingi huchukuliwa kwa koleo dogo lililopitishwa kwenye njia ya hewa. Kipande ni kidogo, na koleo huziponda seli. Seli za karsinoidi zilizopondwa huonekana ndogo, nyeusi, zimebanana, kama zile za saratani ya seli ndogo. Makosa ya aina hii yameandikwa katika majarida ya patholojia: mtu mwenye uvimbe wa kukatwa akapewa jina la ugonjwa wa kemotherapi.

Ki-67 hutenganisha wawili hawa vizuri kuliko jicho. Karsinoidi nyingi hazifiki asilimia 20, na za kawaida mara nyingi huwa chini ya 5. Saratani ya seli ndogo huwa juu ya 50, na mara nyingi hupita 80. Ripoti inayosema saratani ya seli ndogo huku Ki-67 ikiwa asilimia 5 inajipinga yenyewe, na inastahili kusomwa upya na mtaalamu mwingine kabla tone la kwanza la dawa halijaingia mshipani.

Shahidi wa pili hapa ni protini ambayo kukosekana kwake ndiko ushahidi. Inaitwa Rb, na jeni yake ilijulikana kwa saratani ya jicho la watoto. Ni breki ya mgawanyiko wa seli. Katika saratani ya seli ndogo karibu kila mara imeharibika, pamoja na breki nyingine iitwayo p53. Katika karsinoidi kwa kawaida ipo. Kwa karsinoidi kuna pia OTP, protini ambayo ubongo wa kijusi huitumia kujenga sehemu iitwayo haipothalamasi. Karsinoidi za mapafu zilizo nayo kwa wingi huwa na mwenendo mzuri zaidi kuliko zilizoipoteza.

Mambo mafupi ya kujua

Karibu wagonjwa wote wa saratani ya seli ndogo wamewahi kuvuta sigara. Karsinoidi ya kawaida haina uhusiano huo, na huwapata hata vijana wasioijua sigara.

Karsinoidi iliyokaa ndani ya bomba la hewa huleta mluzi wa kifua, kukohoa damu, au nimonia inayorudi upande uleule. Wapo wanaotibiwa pumu kwa miaka. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025, Kenya, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kivuli katika picha ya pafu hufikiriwa TB kwanza. Ni sawa kuanza hapo. Si sawa kubaki hapo wakati makohozi hayaonyeshi vijidudu na dawa hazileti nafuu.

Uvimbe wa nyuroendokrini wa utumbo ukimwaga serotonini nyingi huumiza vali za upande wa kulia wa moyo, kwa kuwa mapafu huivunja serotonini kabla haijafika kushoto. Ule wa mapafu unaweza kuumiza upande wa kushoto.

Kromogranini A hupimwa pia kwenye damu. Omeprazoli, kidonge cha tumbo ambacho wengi wetu hununua dukani bila cheti, hupandisha kiwango chake, na mtu asiye na uvimbe akaonekana anao. Mwambie daktari kama unaitumia kabla ya kutolewa damu, usiiache kimyakimya.

Kiashiria kinapogeuka mlango wa dawa

Mwaka 1973 watafiti wa maabara ya Roger Guillemin, Marekani, waligundua homoni ya kuzuia homoni nyingine, somatostatini. Mwilini hudumu dakika chache tu, hivyo wanakemia wakatengeneza mfano wake unaodumu, oktreotaidi. Uvimbe wa nyuroendokrini wa daraja la chini huwa na vipokezi vingi vya homoni hii. Ukiifunga dawa ya aina hiyo na galiamu-68, madini yanayotoa mionzi na kupungua nusu kila baada ya dakika 68 hivi, uvimbe hung'aa katika picha popote ulipojificha. Ukibadilisha madini ukaweka lutetiamu-177, dawa hiyohiyo hupeleka mionzi ya kuuchoma. Uvimbe wa daraja la juu huelekea kuvipoteza vipokezi hivyo na kula sukari kwa wingi, kwa hiyo hutafutwa kwa picha ya sukari yenye mionzi.

Kwa saratani ya seli ndogo mlango ni DLL3. Katika seli zenye afya protini hii karibu haionekani juu ya ngozi ya seli, lakini kwenye saratani hii hujitokeza nje. Mwezi Mei 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tarlatamabu, dawa yenye mikono miwili: mmoja hushika DLL3, wa pili hushika seli ya kinga na kuisogeza karibu na adui. Kwa ugonjwa ambao kwa miongo ulikuwa na dawa zilezile, hii ni habari kubwa, ingawa bei yake iko mbali na wagonjwa wetu wengi.

Ukikabidhiwa kichupa

Katika nchi zetu ni kawaida ndugu wa mgonjwa kupewa kichupa chenye kinyama akipeleke maabara mwenyewe. Ukiwa wewe ndiye uliyepewa, hakikisha kinyama kimezama katika formalini, siyo maji wala maji ya chumvi, na ukifikishe siku hiyohiyo. Kikichelewa kutiwa formalini, au kikikaa humo kupita kiasi, protini huharibika na hakuna kingamwili itakayozisoma.

Ripoti ikirudi imeandika uvimbe wa nyuroendokrini, uliza mambo matatu: hesabu ya seli zinazogawanyika katika milimita 2 za mraba, kama kuna seli zilizokufa kwa makundi, na Ki-67 ni asilimia ngapi. Kisha uliza donge la nta lenye kinyama limehifadhiwa wapi. Donge hilo hudumu miaka mingi na linaweza kupimwa upya katika hospitali nyingine, hata nchi nyingine, bila mgonjwa kuchomwa tena. Andika namba yake ya maabara na uitunze pamoja na ripoti.